Namba za Jioni

Edmonton, London, Jumatatu, 6 Januari 2025, asubuhi

Kwako Placida,

Usishituke kukuta barua ndani ya boksi la glavu. Mimi ndiye Kijakazi, mtunzaji wa zamu ya asubuhi kwa Bibi Nhan. Jina langu unaliona kwenye simu ya kazi kila siku, kama ninavyoliona lako la jioni. Nimejua kuwa u mtu wa kwetu tangu juzi, uliposahau mezani karatasi yako ya sokoni: mchele, dagaa, sabuni ya kipande. Nikacheka peke yangu jikoni. Bibi akaniona, akacheka na yeye, wala hajui ninachokicheka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ofisi imetukataza kupeana namba za simu, na tunayoyaandika kwenye simu ya kazi Pramila meneja anayasoma yote. Wazee wake walitoka Kampala lakini yeye kazaliwa Kenton, Kiswahili chake kinaishia kwenye jambo, ila simu humtafsiria.

Sasa kucheka kumekwisha. Mie nampima Bibi sukari saa moja na nusu asubuhi, napata sita, napata saba. Wewe unampima saa kumi na moja na nusu jioni, unaandika kumi na saba, kumi na nane, juzi kumi na tisa. Mtu ni huyo huyo. Daktari anaziangalia namba zako anasema sindano ya insulini haitoshi, ameshaipandisha kutoka uniti kumi na nne hadi kumi na nane. Nesi anakuja saa mbili asubuhi, anadunga, anakwenda zake.

Nakuuliza kwa wema: jioni unampa nini? Kama ni biskuti za kumtuliza ili umalize kazi, niambie tu. Mie si mpeleka maneno.

Kijakazi


Edmonton, 6 Januari, jioni

Dada Kijakazi,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu mwandiko wako ni wa mtu mzima. Nimefurahi kuona Kiswahili katika nyumba hii, halafu nimesoma mpaka mwisho, nikaumia.

Simpi kitu. Nampa vidonge vyake, wali kidogo na mboga zilizoandikwa kwenye mpango, basi. Lakini macho ninayo. Kuna ile rafu yenye picha ya marehemu mume wake na vijiti vya ubani. Mimi nimelelewa Kanisani, Bukoba, ibada za watu wengine siziingilii. Ila kila jioni nikifika nakuta pale sahani yenye chungwa limemenywa, vipande vimepangwa vizuri. Je, asubuhi unalikuta? Kama hulikuti, basi unajua limekwenda wapi.

Nami naomba nikuulize kwa wema ule ule. Namba zako mbona nzuri kila siku? Sita, saba, sita. Wapo watu huandika namba bila kutoboa kidole, maana asubuhi kila mtu ana haraka. Sisemi ni wewe.

Placida


Edmonton, Jumatano, 8 Januari

Placida,

Umenitukana kwa adabu, na tusi la namna hiyo ndilo linalokaa. Vidole vyake nenda kavitazame, utaona matundu yangu. Mie nikifika kwanza namwosha, uso, mikono mpaka kwenye viwiko, miguu, kwa maji ya moto, kama nilivyomwosha mama yangu kule Wete mpaka siku yake ya mwisho. Kisha ndiyo natoboa. Sina haraka ya namna hiyo unayoisema.

Ile pembe ya ubani kweli siitazami. Nikifagia nageuza uso. Leo nikajilazimisha kutazama kwa ajili yako, na sahani ni tupu. Kwa hiyo hapo huenda umesema kweli, anakula akibaki peke yake.

Leo nilimwambia nesi habari ya chungwa, naye akampigia simu binti wa Bibi, Thuy, aliyeko Manchester, atafsiri. Bibi alisema maneno mengi, Placida. Alisema mpaka pumzi ikamkata, anajipiga kifuani, anaonyesha rafu, anatikisa mkono hivi, hapana, hapana. Alipomaliza, Thuy akatafsiri: "Mama anasema samahani, ataacha." Nesi akaandika, akaenda. Bibi akakaa kitandani akanitazama mie, machozi yanamtoka. Miaka arobaini yuko nchi hii, kashona nguo kiwandani Hackney na Wavietinamu wenzake mpaka macho yakachoka, na hajapata mtu wa kumsikiliza neno lake likafika zima.

Kuna jambo jingine. Ameitwa mara mbili kupimwa damu kubwa, ile inayoonyesha sukari ya miezi mitatu. Barua zilikuja kwa Kiingereza. Nimezikuta chini ya kitambaa cha meza, tarehe zimepita. Kwa hiyo daktari hana kitu cha kushika ila namba zangu na zako.

Kijakazi


Edmonton, Alhamisi, 16 Januari

Dada,

Samahani kwa yale ya kutoboa kidole. Nilikuwa na hasira.

Pramila amenipigia simu. Sindano imefika ishirini na mbili, na watu wa ustawi wa jamii wameanza kuuliza kama Bibi anaweza kuendelea kuishi peke yake. Wametaja nyumba ya wazee huko nje ya London. Ukifikiri, huko atazungumza na nani? Hata wali wake hatapikiwa. Pramila akasema, "Namba za jioni zikishuka, mazungumzo hayo yatakwisha." Akasema kama vile nina bomba la kuzifunga.

Basi jana niliyaficha machungwa yote kabati la juu. Leo nimemkuta amepanda kiti, Dada. Mtu wa miaka themanini na moja, juu ya kiti, mguu mmoja hewani. Nikamshusha, akaninyanyulia mkono kama anayemfukuza mwizi. Chungwa moja alikuwa ameshalitoa, ameshalimenya, alikuwa akiyarudisha mengine. Nikampangusa kidole kwa kile kitambaa cha spiriti kama tulivyofundishwa, nikatoboa. Kumi na nane nukta moja.

Sijui tena nifanye nini. Nikiandika namba hizi wanamhamisha. Nisipoandika, nimeacha kazi yangu.

Placida


Edmonton, Jumatatu, 20 Januari

Placida,

Bibi ameamka mchovu kidogo, jasho limemtoka. Nimempa chai akachangamka. Namba sita nukta nane, nimeiandika. Nesi kaja, kadunga, kaenda.

Usimwambie Pramila habari ya jasho. Novemba walimchukua hospitali siku nne, hakuna hata mmoja aliyeweza kumuuliza kama anataka maji. Leo aliponiona nimeshika simu aliishika mikono yangu yote miwili akaninyang'anya. Mie nimeelewa bila mkalimani.

Kijakazi


Edmonton, Alhamisi, 23 Januari

Dada Kijakazi,

Barua yako ni fupi, na wewe si mtu wa barua fupi.

Nimekuta kikombe chake kwenye sinki leo tena. Sukari imeganda chini, unene wa kidole. Sasa naomba unijibu kama mtu mzima: mgonjwa wa sukari anapewa chai ya sukari kwa sababu gani? Nimesomea uuguzi mwaka mmoja Bugando kabla ada haijanishinda, si mjinga kabisa. Jasho, uchovu, halafu chai ya sukari. Ulimpima kabla ya chai, au baada?

Sisi nyumbani tunasema mficha maradhi kilio humuumbua. Kesho sindano inakwenda ishirini na sita kwa sababu ya namba zangu. Kama asubuhi kuna namba unayoificha, tunamuua mtu, wewe na mimi.

Placida


Edmonton, Jumatatu, 27 Januari, asubuhi

Placida, mdogo wangu,

Siku nne sikuandika kwa kuwa sikuwa na uso.

Nilimpima kabla ya chai. Ilikuwa tatu nukta mbili. Chini ya nne ni hatari, najua, sote tumefundishwa. Nikampa chai ya sukari, nikangoja dakika ishirini, nikampima tena, sita nukta nane, nikaandika hiyo. Nimefanya hivyo mara tatu. Ya mwisho, Jumamosi, ilikuwa mbili nukta tisa. Nilijiambia namwonea huruma asipelekwe hospitali. Huruma hiyo imekwenda kuongeza sindano, kwa sababu daktari kaona asubuhi salama na jioni imepanda, angefanya nini?

Sasa soma hili polepole, ukiwa umekaa.

Jana mume wangu, Mwadini, alikuwa anamenya machungwa kwa ajili ya wajukuu. Naye ana sukari mwaka wa kumi sasa, ana mashine yake. Akamaliza kumenya, akajipangusa kwa spiriti, akatoboa: kumi na tisa. Alipiga kelele nyumba nzima ikaja. Nikamwambia nenda kaoshe mikono kwa sabuni, urudi. Akarudi. Saba nukta nne. Kidole kile kile, dakika mbili baadaye. Ilikuwa sukari ya chungwa iliyokaa juu ya ngozi, na spiriti haikuitoa.

Nikavikumbuka vidole vya Bibi na chungwa lake.

Leo nimemuuliza Gurmit, jirani wa mlango wa pili. Anasema kila alfajiri Bibi humpitishia juu ya uzio sahani ya chungwa, na yeye huwapa wajukuu zake. Mume wa Bibi alipooza mikono, Placida. Miaka sita alimmenyea. Mume amekufa na Bibi bado anammenyea. Yeye mwenyewe halili. Hajawahi kula. Tumemfokea wiki tatu kwa chungwa ambalo hajalitia mdomoni, na yeye anatuambia, na binti anaona haya mama yake asionekane mbishi, anatafsiri samahani.

Mie nageuza uso nisione ubani, wewe huingilii ibada ya mtu. Sote wawili watu wa dini.

Leo jioni mpime kama kawaida, kisha mwoshe umpime tena.

Kijakazi


Edmonton, 27 Januari, jioni

Dada,

Kumi na saba nukta sita. Nikamwosha kwa sabuni. Sita nukta tisa.

Naandika haraka kwa sababu nimeshachelewa, na hilo nalo lazima nikuambie. Ofisi inaandika nusu saa kwa Bibi. Mimi nakaa dakika kumi na tano, kwa sababu wamenipangia mgonjwa mwingine Ponders End kwa muda unaoingiliana. Natia saini nusu saa. Sote wa jioni tunafanya hivyo. Kumwosha kungekula dakika tano, ndiyo maana nilitumia kitambaa tu.

Nitasema. Naapa nitasema. Ila Alhamisi Pramila anapeleka karatasi zangu za viza. Kampuni ndiyo iliyonidhamini, wakinifukuza nina siku sitini za kuondoka nchini. Nina watoto wawili kwa mama yangu, wanasoma kwa mshahara huu. Nisubirie mpaka Alhamisi, siku tatu tu. Mimi jioni nitaandika namba ya kweli, na wewe asubuhi uandike ya kweli. Nimekuandikia anwani yangu hapa chini, maana huenda karatasi hizi zisiwe salama tena.

Placida
Chumba cha 3, juu ya duka la simu, Fore Street


Edmonton, Jumanne, 28 Januari

Haya. Mpaka Alhamisi. Leo asubuhi ni nne nukta tatu na nimeiandika hivyo hivyo. Nesi kaiona, kasema ni nzuri, kadunga ishirini na sita. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hatua moja, na nikanyamaza. Jioni mpe chakula cha kutosha.

K.


Edmonton, Ijumaa, 31 Januari (kwa posta)

Placida,

Najua ofisi wamekuambia kuwa Bibi yuko hospitali. Hawajakuambia ilivyokuwa, kwa hiyo nitakuambia mie.

Jumatano ilikuwa mwaka mpya wao. Nilifungua mlango kwa ufunguo wetu, taa zinawaka, kavaa nguo yake nzuri ya buluu, yuko sakafuni kati ya kitanda na rafu. Nilimwita, hakuitika. Moja nukta sita. Sikuweza kumpa chai, mtu asiyemeza humpi kitu. Nikapiga simu ya dharura, nikampakaa asali ndani ya shavu kama yule wa kwenye simu alivyonielekeza, nikamshika kichwa. Wallahi sijawahi kuona dakika kumi na moja ndefu namna ile. Alfajiri ya leo amefumbua macho. Anamjua bintiye. Mguu na mkono wa kushoto vina uzito kidogo.

Nimesema yote. Nilimwambia daktari, kisha nikamwambia Pramila: namba tatu nilizoficha, na siku mbili za kunyamaza nikijua. Wamenisimamisha kazi na uchunguzi utakuja, na haki yao. Sikukutaja.

Lakini ndiyo hapo kwenye shida. Niliwaeleza habari ya chungwa, wakasema mie si wa jioni, sikuwepo, nasema ya kusikia. Damu ya miezi mitatu wameipima hapo hapo hospitali, imetoka nzuri, nao wakasema wastani mzuri huweza kuficha mtu anayepanda sana jioni na kushuka sana asubuhi. Wakasema mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa peke yake. Kwa maneno yangu nimewapa nusu ya ushahidi wa kumhamisha. Nusu ya kumrudisha kwake unayo wewe.

Kikao ni Alhamisi, tarehe 13, saa nane mchana, wodi yake. Kama hakuna atakayesema jioni alipimwa mikono ina chungwa, anatoka hospitali kwenda nyumba ya wazee. Flati itachukuliwa, na rafu itakwenda kwenye gunia.

Kijakazi
12 Hazel Close, Edmonton


Fore Street, Jumanne, 4 Februari

Dada Kijakazi,

Nimelia mpaka mwenzangu wa chumbani akazima redio.

Ila naomba unisikilize. Wewe una pasipoti yao. Ukifukuzwa utakaa nyumbani na mume wako, utapata kazi dukani, maisha yataendelea. Mimi nikifungua mdomo nimekiri mambo mawili, kwamba nilipima vibaya, na kwamba nilitia saini muda ambao sikuufanya. Hilo la pili wanaliita udanganyifu. Pramila anajua vizuri sana kuwa ni ratiba yake, na ndiyo maana hatanihurumia.

Nilikopa kwa mjomba, kwa parokia, na kwa mwalimu wangu wa sekondari ili nije hapa. Mwanangu mkubwa anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu. Nikirudi Bukoba na sanduku moja nitawaambia nini?

Karatasi zangu zimeshapelekwa. Nimebakiza kungoja tu. Usinisukume, Dada. Nakuomba kama ndugu.

Placida


Edmonton, Ijumaa, 7 Februari

Placida,

Nilikuwa nimeandika barua nyingine, kali, Mwadini akaisoma akaichana. Akasema, "Wewe ulinyamaza mara tatu bila ya mtu kukushikia viza. Huyu unamhukumu kwa lipi?" Nikamkasirikia siku nzima, kisha nikaona hana kosa.

Kwa hiyo sikusukumi. Jina lako halitatoka mdomoni mwangu, si kwa Pramila, si kwa daktari. Kuna vitu viwili tu nataka uvijue, kisha ufanye unavyoona.

Nilikwenda kumtazama jana, kama mgeni, na tangerini, vichungwa vile vidogo, mkononi maana nilikosa akili ya kununua kitu kingine. Muuguzi aliziondoa mbele yake, akasema hizi si za mgonjwa wa sukari. Bibi alizitazama zinavyokwenda, akaniangalia, wala hakusema kitu. Yule mwanamke aliyekuwa akijipiga kifua na kutetea haki yake amechoka. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko ule mguu.

La pili: ukienda, sitaweza kukulipa. Sina cha kukuahidi. Usije ukasema Kijakazi alinidanganya.

Kijakazi


Fore Street, Alhamisi, 13 Februari, saa tatu usiku

Dada Kijakazi,

Nimekwenda.

Sikualikwa. Nilivaa sare yangu, nikaingia kama mtu anayejua anakokwenda, hakuna aliyenizuia. Kulikuwa na daktari, nesi wetu, yule wa ustawi wa jamii, Pramila, na Thuy aliyekuja kwa treni ya asubuhi. Mkalimani alikuwa kwenye simu, katikati ya meza. Bibi Nhan alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nywele zimechanwa na mtu asiyejua anavyozipenda.

Walikuwa wameshafika kwenye jina la nyumba ya wazee. Nikasema samahani, mimi ndiye wa jioni. Sauti ilinitoka ndogo sana. Pramila akaniambia nitoke tuzungumze nje, nikamwambia hapana, nje hakuna Bibi.

Nilikuwa na chungwa mfukoni. Nikamwekea Bibi mapajani. Akanitazama kwa muda, Dada, mimi niliyemshusha kwenye kiti, halafu akaanza kulimenya, pole pole, mkono wa kushoto ukisaidia vibaya. Akapanga vipande kwenye leso yangu. Nikampangusa kidole kwa kitambaa cha spiriti mbele yao, nikatoboa. Kumi na tano nukta nane. Nesi akasogea. Nikamsukuma Bibi na kiti chake mpaka kwenye beseni, nikamwosha kwa sabuni, nikamkausha, nikatoboa tena. Saba nukta mbili. Nesi akachukua mashine yake mwenyewe akarudia. Saba nukta moja.

Daktari akaniuliza, "Kila jioni ulimpima bila kumwosha?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini?" Nikasema kwa sababu nina dakika kumi na tano na natia saini thelathini. Pramila alikuwa anaandika, kalamu ikasimama, kisha ikaendelea.

Halafu daktari akamwambia mkalimani amuulize Bibi mwenyewe, na Thuy asijibu. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimuuliza Bibi swali moja kwa moja. Akajibu kwa muda mrefu, na mkalimani akangoja mpaka akamaliza, akalitoa lote. Alisema: "Lile chungwa ni la mume wangu. Mimi tangu nipate ugonjwa huu sijala chungwa, na nilikuwa nayapenda kuliko yeye. Nimesema hivyo kila mara. Nikadhani Kiingereza changu ndicho kibaya, kumbe nilikuwa nasema Kivietinamu." Thuy alifunika uso kwa mikono. Bibi akamgusa goti, akasema neno ambalo mkalimani hakulitafsiri.

Anarudi kwake Jumatatu. Sindano imeshushwa hadi uniti kumi na mbili. Mtu wa kumnyoosha mguu atakuja mara mbili kwa wiki, na kabla ya barua za kliniki kutumwa mkalimani atampigia simu. Nimeona daktari akiandika hilo, nikamwomba aniandikie na karatasi ya kubandika juu ya beseni, kwa Kiingereza na Kivietinamu, aoshwe kwanza. Kwa sababu atakayekuja jioni Jumatatu si mimi, wala wa asubuhi si wewe.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa ofisi. Udhamini wangu umeondolewa. Barua rasmi inakuja. Mama nimempigia, nikamwambia niko salama, nikashindwa kuendelea, nikamwambia mtandao ni mbaya.

Sijutii. Ila Dada, nina hofu sana. Mwenzangu wa chumbani amelala, nami nimekaa kitandani na koti sijalivua. Sijui nimtafute nani.

Placida


Fore Street, Jumamosi, 15 Februari, asubuhi

Placida,

Barua hii haina stempu. Imepita chini ya mlango wako kwa sababu niko nje ya mlango huo, nimepanda ngazi zote hizi na goti langu bovu. Mwadini yuko chini garini, ameegesha pasiporuhusiwa, kwa hiyo usikae kufikiri. Chumba cha binti yetu Sundus ni kitupu tangu aolewe, kitanda kimetandikwa. Kuna wakili wa mambo ya viza hapo Tottenham, Abdulwakil, tuna miadi naye saa tano.

Chukua sanduku lako, ufungue mlango. Sijui hata sura yako.

Kijakazi